Dodoma hadi Dar kwa ndege: umbali halisi ni upi, na muda?

Nkuhungu_Dom
Habari wakuu. Tovuti moja inasema Dodoma–Dar ni dakika 35 kwa ndege, tiketi inaonyesha safari ya saa moja na dakika kumi, na kwa barabara tunajua ni kilomita 450 hivi. Kipi ni kipi? Nataka kupanga ndege ya kwenda nje kutokea Dar siku hiyohiyo.

Pima_Ramani
Anza na umbali. Uwanja wa Dodoma uko takriban 6°10′ Kusini, 35°45′ Mashariki. Ule wa Julius Nyerere 6°52′ Kusini, 39°12′ Mashariki. Tofauti ya latitudo ni dakika 42 (hapa si za saa: nyuzi moja ina dakika 60), yaani maili 42 za baharini. Ya longitudo ni dakika 207. Zidisha kwa 0.994 kwa sababu hatupo kwenye ikweta kamili, unapata maili 206. Tumia kanuni ya Pythagoras: maili 210 za baharini, sawa na kilomita 389. Barabara inazidi kwa sababu inazunguka kupitia Gairo, Morogoro na Chalinze.

Dakika 35 ni hesabu ya kugawanya tu: maili 210 kwa mwendo wa noti 360 (maili za baharini kwa saa) wa ndege ya Bombardier Q400. Hesabu hiyo inachukulia kwamba ndege inakimbia kasi hiyo tangu magurudumu yanapoacha lami, jambo ambalo haliwezekani.

Pangaboi
Mkuu hapo juu kamaliza umbali, niongeze muda. Tiketi inahesabu tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inaposimama kule. Ndani yake kuna kutembea uwanjani, kupanda polepole, kushuka, na kusubiri zamu Dar wakiwa wengi. Angani tegemea dakika 45 hadi 50.

Upepo wa juu huku kwetu kwa kawaida unatoka mashariki, kwa hiyo kwenda Dar unaukabili. Kwa Q400, upepo wa noti 20 unaongeza dakika mbili tu. Kwa Cessna Caravan inayokwenda noti 160, safari inapanda kutoka dakika 79 hadi 90. Ndege ndogo ndiyo inayoumia.

Jambo lingine ni joto. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Novemba hewa inakuwa nyepesi, mabawa na injini vinapungukiwa nguvu, ndege inahitaji lami ndefu zaidi kuruka. Ikiwa nzito kupita kiasi, uzito unapunguzwa, na mara nyingi yanaanza mabegi. Chukua ndege ya asubuhi.

Makole_Abiria
Kuhusu kuunganisha: ndege za nje nyingi zinaondokea Jengo la 3, za ndani zinashukia jengo jingine. Kama tiketi ni mbili tofauti, begi unalichukua mwenyewe, unahama jengo, unapanga foleni upya, na ndege ya pili haikusubiri. Acha saa tano kati ya kutua na kuruka. Tiketi moja ni salama zaidi, begi likipewa lebo ya mwisho wa safari huku huku Dodoma. Isome lebo kabla hujaondoka kaunta.

Na saa za tiketi ni za mfumo wa 24: 07:00 ni saa moja asubuhi, 13:00 ni saa saba mchana.

Nkuhungu_Dom
Shukrani sana wakuu. Nachukua ya asubuhi, tiketi moja.