Kaungua na saruji mbichi, nimeosha dakika 20 ila ngozi bado inateleza

Wakuu habari. Mimi nesi, sina hata mwaka kazini. Jana usiku nilipokea fundi kapiga magoti kwenye zege bichi tangu asubuhi, suruali imelowa chapachapa, anasema hakusikia kitu mpaka jioni. Magoti yamekuwa ya kijivu, ukigusa yanateleza kama umeshika sabuni. Mwenzangu akataka tumwagie siki eti ipunguze makali, nikakataa ila sikuwa na sababu ya kumpa. Nikaosha dakika 20 nikafunga bandeji. Leo maumivu yamezidi, nimekosea wapi?

Jibu 1
Siki ulifanya vema kuikataa mdogo wangu, siki ni asidi na saruji mbichi ni alkali, zikikutana joto linatoka hapohapo juu ya kidonda, unamuunguza mara ya pili. Huo utelezi ndio jibu lako lenyewe, alkali inageuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni na inazidi kuzama chini. Asidi mara nyingi inaacha gamba gumu linaloizuia kidogo isiende mbali, alkali haina breki. Kwa saruji dakika 20 ni mwanzo tu, inaweza kufika saa nzima au zaidi. Pima kwa karatasi ya pH, pH ikiwa juu ujue alkali bado ipo, ukiacha kuosha subiri kama dakika 10 upime tena maana alkali iliyozama inapanda kutoka ndani.

Jibu 2
Nguo ilitoka kabla ya maji? Soksi je, na viatu? Hapo ndipo saruji inapojificha. Na ikiwa unga mkavu, hasa chokaa, unapangusa kwanza ndo maji yafuate, wewe mwenyewe una glavu na aproni.

Jibu 3
Jamani dawa ya maumivu mpeni huku mnaosha, kuosha kusisubiri, maji yawe ya uvuguvugu asije akapoa mwili mzima. Ulizia chanjo ya pepopunda. Halafu sehemu ambayo haiumi kabisa ukiigusa usifurahi, hapo huenda imeungua mpaka mishipa ya fahamu, na goti ni kiungo, daktari alione leoleo.

Muuliza swali
Asanteni sana. Suruali ilitoka, soksi sikuzivua, nimekuta kifundo cha mguu nacho kimeanza kuwa cha kijivu. Nimefungua bandeji, pH bado iko juu, tumerudi kwenye maji na daktari yuko hapa.