Nimefika Guangzhou, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Nimetua Guangzhou, China, juzi usiku kufuata mzigo wa mabegi ya duka langu Kariakoo, safari yangu ya kwanza nje ya nchi. Mji ni mkubwa jamani! Barabara zimepandana juu kwa juu, pikipiki za umeme zinakupita kimya hadi unaruka.

Kinachonitesa ni simu na malipo. WhatsApp haifunguki, mama hajui kama nimefika salama. Jana muuza tambi alitazama noti yangu ya yuan 100, akatikisa kichwa, akanionyesha karatasi ya kuskani kwa simu ili nilipe. Nikaondoka na njaa.

Mliozoea Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi hapa Guangzhou, nyumbani mnawasiliana vipi? Kadi ya benki ya Tanzania inaunganishwa Alipay, ile app ya malipo ya Wachina? Na wakala mwaminifu wa mizigo nitamjuaje kabla sijamkabidhi hela?