Wahusika wangu wawili ni mapacha, na wote wanatoka sura moja. Naomba msaada

akelo_wa_cherehani (Kisumu)

Hamjambo wenzangu. Mimi ni fundi wa nguo hapa Nyalenda. Mchana nashona sare za shule na vitenge, usiku nikishafunika cherehani nachora. Nimejifunza kwa kitabu kimoja cha kuchora manga, zile katuni za Kijapani, nilichonunua shilingi 150 kwa muuza vitabu vya mtumba kando ya barabara, na kwa video ninazotazama kwa simu bando likiruhusu. Nina miezi saba sasa.

Kitabu kinaelekeza hivi: kwanza duara, pili msalaba ndani ya duara, tatu taya, na nne binti amekamilika, kope ziko, mng'aro wa jicho uko, nywele zinapeperuka. Kutoka ya tatu kwenda ya nne hakuna anayekushika mkono. Nilirudia ukurasa ule mmoja hadi karatasi za kaki ninazokatia patani zikaniishia, na kweli siku hizi naweza kumchora yule binti bila kutazama. Video nazo, mchoraji anachora duara polepole, akifika machoni mkono unakimbia kama sindano. Ukirudisha nyuma mara tatu bando limekwenda. Na kitabu chenyewe kinaruka kutoka ukurasa wa 32 hadi wa 49. Nikisoma yaliyomo naona hapo ndipo palipokuwa na mikono na kichwa kinachogeuka.

Sasa shida yenyewe. Nachora hadithi ya dada zangu, Apiyo na Adongo. Mnaojua majina yetu mmeshaelewa: Apiyo alitangulia, Adongo akafuata, na mimi niliyezaliwa baada ya mapacha ndiye Akelo. Apiyo ameolewa Bungoma. Adongo yuko Saudia, kazi ya nyumbani, mwaka wa pili huu. Nilimwahidi nitamchorea siku moja ya utotoni, mama alipotutuma Dunga kununua omena, boti zikachelewa, tukakaa ufukweni hadi jua likazama. Wao walikuwa na miaka kumi, mimi minne. Nikimaliza ukurasa naupiga picha namtumia. Wa kwanza ulikuwa ziwa na mafunjo tu, akausifu. Wa pili aliniandikia: "Nimemwona Apiyo mara mbili. Mimi niko wapi?"

Maneno hayo nimetembea nayo wiki nzima.

Kwenye manga ninazoziona watu hutofautishwa kwa nywele. Huyu zimejazwa wino, huyu zimeachwa nyeupe, yule zimesimama kama miiba. Dada zangu walikuwa shule ya msingi, wamenyolewa wote wawili. Sare ni moja, mama ndiye aliyezishona. Nilimpa Adongo macho makubwa zaidi, akawa mtoto mchanga. Nikamchorea Apiyo nyusi nene, akawa mtu mwenye hasira, na hana hasira. Tena nikimgeuza yeyote kidogo tu, uso unahama, anatokea mtu wa tatu nisiyemjua.

Nifanyeje? Kuna video au kitabu kinachofundisha jambo hili?

kijana_wa_lanet (Nakuru)

Dadangu, achana na hicho kitabu. Pakua ibisPaint, programu ya kuchora kwa simu, ya bure inatosha, uchore kwa kidole. Ukishapata uso mmoja mzuri unaunakili kila ukurasa na hautabadilika tena. Halafu kuna kitufe cha kugeuza picha, kushoto kuwe kulia. Hapo ndipo utaona jicho moja limepanda juu ya lenzake na hukuwahi kuliona.

Video ziweke kasi ya 0.5, na kila mchoraji anapomaliza mstari piga picha ya skrini. Mara moja tu. Baadaye unachora ukitazama zile picha, bando halihitajiki. Mimi nilijifunza mikono hivyo hivyo.

Mapacha mpe mmoja alama. Kovu au hereni. Wachoraji wengi wa manga hufanya hivyo.

akelo_wa_cherehani

Asante sana ndugu yangu. La skrini nimelifanya leo mchana wateja walipopungua, nimepata picha 23 kutoka video moja, na kwa mara ya kwanza nimeona jicho linavyojengwa: kope ya juu kwanza, kisha mboni inaning'inia chini yake. Siku zote nilikuwa naanza na mboni. Na la kugeuza nimelijaribu bila programu. Nilibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha nikaitazama kwa nyuma. Jicho la kulia limeteleza kweli, kwenye michoro yote.

Ila kunakili uso mmoja sitaweza. Katika hadithi hii wanageuka kutazama ziwa, wanainama kwenye ndoo, wanatazamana. Hereni hawakuwa nazo. Kovu Adongo analo, liko gotini, na sketi inalifunika.

mwalimu_wa_michoro (Kakamega)

Binti yangu, nimefurahi ulivyolieleza tatizo lako, umelikata vipande kama fundi. Nakuomba usikitupe kitabu. Vitabu vya kujifunzia kuchora si jambo la juzi huko Japani. Hokusai, mchoraji wao wa zamani, alianza kutoa vitabu vyake vya michoro mwaka 1814, vinaitwa Hokusai Manga, na vilikusudiwa wanaojifunza waviige. Lakini ukivifungua hukuti sura moja nzuri iliyorudiwa. Unakuta watu wanaoga, wamebeba mizigo, wanakunja nyuso, wanacheza. Nitarudi hapo.

Kwanza kichwa. Umeambiwa uchore duara, nawe ukachora duara. Lile ni tufe, wamelichapa tu juu ya karatasi bapa. Nunua yai boilo kwa vijana wa barabarani, usilimenye. Kwa penseli zungusha mstari mmoja kutoka juu hadi chini ukipita mbele, huo ni wa pua na kidevu. Zungusha wa pili kiunoni mwa yai, huo ni wa macho. Macho ya binadamu yako nusu ya njia kati ya utosi na kidevu. Wanafunzi wangu karibu wote huyaweka juu mno kwa sababu wanausahau utosi. Manga huyakuza, na mara nyingi huyashusha kidogo, ndiyo maana nyuso zake huonekana changa. Hiyo ndiyo iliyomfanya Adongo wako awe mtoto mchanga.

Sasa liinamishe yai kuelekea kwako. Mstari wa macho unapinda kushuka, kama ukingo wa bakuli, utosi unaongezeka, na masikio yanapanda juu kuliko macho. Liinue, mambo yote yanageuka: mstari unapinda kupanda, masikio yanashuka chini ya macho. Ligeuze pembeni, na upande wa mbali unakuwa mwembamba, jicho lake nalo jembamba. Wewe bila shaka unachora macho mawili ya upana sawa kila wakati, kwa kuwa ndivyo yule binti wa ukurasa wako alivyo. Ndipo uso unapohama. Chora yai hilo mara 20 kila jioni kabla ya kumchora mtu yeyote. Yai halikai, kwa hiyo kesho yake ulile na uchore mistari ileile kwenye limau, hilo litakuvumilia wiki nzima.

Pili, urefu. Wewe unampima mteja kwa futi, mchoraji anampima mtu kwa kichwa chake mwenyewe. Mtu mzima ni vichwa saba hadi saba na nusu. Mtoto wa miaka kumi ni karibu sita. Vile vikatuni vifupi vya manga ni viwili au vitatu. Kata ukanda wa karatasi wenye urefu wa kichwa cha Apiyo, uutembeze chini hadi unyayo. Ninashuku umewapa watoto wa darasa la nne miili ya wanawake, kwa sababu ndiyo iliyomo kitabuni.

La mapacha sitakujibu bado. Osamu Tezuka, mchoraji wa manga aliyezaliwa 1928 akafariki 1989, aliwatumia wahusika wake kama kikundi cha waigizaji. Mtu yuleyule alikuwa mwema katika hadithi hii na mwovu katika nyingine, na msomaji akamtambua. Hilo haliwezekani kama humjui mwigizaji wako nje ya uso. Kwa hiyo nijibu swali hili. Dada zako wakiwa wamenyolewa, wamevaa sare, wako mbali, wamekupa mgongo, wewe ulijuaje yupi ni yupi?

mzee_wa_chapa (Nakuru)

Mwanangu, nimefanya kazi ya uchapishaji muda mrefu, nikuambie kuhusu zile kurasa. Kutoka 33 hadi 48 ni kurasa 16 kamili. Karatasi kubwa ikichapwa pande mbili na kukunjwa mara tatu inatoa kurasa 16, na kitabu huunganishwa kwa mafungu kama hayo. Uzi au gundi ikilegea, fungu zima linatoka pamoja. Halikuchanika moja moja. Rudi kwa yule muuzaji umwombe apekue chini ya rundo, huenda lipo.

Na picha zako unapigaje? Simu ikiinama, nyuso zinarefuka upande mmoja, na huyo dada yako anaona hizo zilizorefuka. Weka karatasi chini karibu na mlango asubuhi, simu iwe sambamba nayo, usitumie taa ya balbu. Penseli ifanye kazi kwenye kaki, lakini wino upeleke kwenye karatasi nyeupe nzito kidogo. Kaki hunywa wino na mstari unatanda. Fremu zako zianzie kushoto kwenda kulia. Kijapani kina mwelekeo wake, wewe unaandika Kiswahili.

kijana_wa_lanet

Mwalimu, hilo la yai nimelifanya sasa hivi kwa limau. Nimechora manga miaka mitatu na masikio nilikuwa naacha mahali pamoja tu. Dadangu, nimeyaondoa yale maneno yangu ya kutupa kitabu.

akelo_wa_cherehani

Mwalimu, nilisoma swali lako nikiwa katikati ya pindo la sketi, nikasimamisha cherehani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, na jibu nimekuwa nalo maisha yangu yote.

Apiyo hasimami kwa miguu miwili. Anasimama kwa mmoja, wa pili anausugulia shavu la mguu mwingine, kama korongo majini. Akibeba ndoo kichwani haishiki, mikono inaning'inia. Adongo husimama miguu yote imekanyaga, na kitu akikibeba lazima mkono mmoja ukiguse. Akisikiliza, kidevu kinapanda na mdomo unabaki wazi kidogo. Na bega lake la kushoto limeshuka. Mama alikuwa akimwekea mshono tofauti upande ule bila kusema kitu. Gauni la kusafiria nilimshonea mimi, na nilipunguza sentimita moja kwenye bega hilo bila hata kupima, mkono ulijua wenyewe.

Ninayajua hayo yote kwenye kitambaa, na sikuwahi kuyapeleka kwenye karatasi hata mara moja. Nilikuwa nayatafuta kwenye kope.

Nimefanya mliyonielekeza. Mayai na malimau siku sita. Ukanda wa kichwa ulionyesha mwalimu amesema kweli, nilikuwa nimewapa vichwa saba na robo. Nimewashusha hadi sita, na ghafla sare zikawakaa, mikono ikawa mirefu kidogo kuliko sweta kama ilivyokuwa. Kisha nikachora karatasi moja ambayo haimo kwenye hadithi: Apiyo mara nane, Adongo mara nane, kwa mbele, mgongo, pembeni, wameinama, wameketi. Hiyo nimeibandika ukutani juu ya cherehani, na wateja wananiuliza ni akina nani.

Ukurasa wa pili nimeuchora upya. Fremu kubwa hawana nyuso kabisa. Wamesimama ufukweni wametupa mgongo wakitazama ziwa, mguu mmoja umepanda kwenye shavu la mwingine, bega moja limeshuka, boti hazionekani. Apiyo ana ndoo kichwani. Mimi nimejichora nyuma yao nikiwafuata. Wino kwenye karatasi nyeupe, picha nimeipiga mlangoni saa mbili asubuhi. Nimemtumia. Kule wanaruhusiwa simu usiku, kwa hiyo nangoja.

Mzee, muuzaji hakuwa nalo lile fungu. Ameahidi kuangalia nyumbani.

mwalimu_wa_michoro

Hiyo karatasi ya ukutani ihifadhi vizuri. Wachoraji wa katuni huianza kabla ya ukurasa wa kwanza. Tuambie atakachosema.

akelo_wa_cherehani

Amejibu saa tano usiku. Hakuuliza yupi ni yupi. Ameandika: "Umekosea. Ndoo siku ile nilibeba mimi. Apiyo alikuwa amekubeba wewe mgongoni, ulikuwa umechoka."

Sikukumbuka hilo. Nachora tena leo usiku. Mwalimu, mtoto wa miaka minne ni vichwa vingapi?

mwalimu_wa_michoro

Vitano. Na akiwa amelala mgongoni, shavu linalalia bega, kwa hiyo ligeuze yai hadi jicho moja lipotee kabisa.