Pingu za miguu: mbona watumwa wa kwetu wamefungwa shingoni?

MwalimuWaSita
Wakuu habari zenu. Juzi nilipeleka wanafunzi Unguja, tukafika Mkunazini pale kanisani palipokuwa soko la watumwa. Mnalijua lile shimo lenye sanamu za watu watano, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998, wamefungwa mnyororo na wanasema mnyororo wenyewe ni wa kweli wa enzi zile. Mtoto mmoja akaniuliza, mwalimu mbona hawa wamefungwa shingo, na kwenye picha za meli za kwenda Amerika watu wana pingu miguuni? Nilikosa jibu jamani, na aliuliza kwa uchungu kabisa, siyo utundu. Nisaidieni, na pia hizo za miguu zilifungwaje, zilikuwa na funguo? Na bado zipo?

Mzee wa Pangani
Mwalimu huyo mtoto ana macho. Chuma kilienda mahali pa mwili kulingana na mfungaji anataka nini kwako. Watu wetu walitembezwa, toka Ujiji mpaka Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1000, wengine na pembe ya ndovu kichwani juu, sasa ukimtia mtu pingu miguuni atafikaje? Ndiyo maana ya kongwa, lile gongo lenye panda, shingo inaingizwa kwenye panda halafu kinapitishwa chuma mbele ya koo, miguu ibaki itembee. Mwaka 1861 Livingstone na wenzake walikutana na msafara kijijini Mbame, Malawi ya leo, wakafungua watu 84. Wanawake na watoto walikatiwa kamba kwa visu, wanaume ilibidi litafutwe msumeno, wakakatwa makongwa mmoja mmoja.

Melini hutembei, hapo ndipo miguu inafungwa. Maelezo ya Brookes, meli ya Kiingereza ya kubeba watumwa, yaliyosambazwa Uingereza 1788 yanasema wanaume walifungwa wawili wawili, mkono kwa mkono na mguu kwa mguu. Yaani ukitaka kwenda kujisaidia lazima umwamshe mwenzio, na pengine hata lugha hamsikilizani, na akifa usiku unalala na maiti hadi waje kuwatenganisha.

FundiChuma
Funguo mara nyingi hakuna mwalimu. Za melini nyingi zilipigwa ribiti, ili zitoke lazima mtu aje na tindo na nyundo, na chini ya tindo ni mguu wako. Aina nyingine ni nondo moja na vikuku viwili vya umbo la U vilivyotobolewa ncha, nondo inapita kwenye matundu, upande mmoja ina kichwa kama msumari na upande wa pili inagongwa kabari. Angalieni hata lugha yetu, kamusi za zamani zinaeleza pingu ni vikuku viwili na chuma kilichopita katikati, siyo hizi za polisi za mikononi. Mimi naona pingu, pingo la mlango na kupinga ni ndugu.

Kinachoniuma ni kwamba ni kazi rahisi, ukiwa na fuawe na moto mzuri jozi moja ni nusu siku tu. Meli ya watumwa ya Henrietta Marie iliyozama karibu na Florida mwaka 1700, ilipopatikana 1972 walitoa humo jozi zaidi ya 80, nyingine ndogo za kutosha mguu wa mtoto. Kuna mhunzi alikaa akapima mguu wa mtoto! Na hayakuwa mambo ya kificho, Thomas Clarkson, Mwingereza aliyepigania biashara ya watumwa ikomeshwe, mwaka 1787 aliziona dirishani dukani Liverpool, akaingia akanunua pingu za miguu na za mikono kama unavyonunua jembe, ili akawaonyeshe watu.

kijana_wa_Gerezani
Mzee sikupingi ila Marekani kusini wafungwa walichimba barabara na minyororo miguuni, na Alabama waliirudisha 1995, hao nao walikuwa wanafanya kazi. Sasa hapo inakuaje?

Mzee wa Pangani
Swali zuri mwanangu. Kazi yao ni ya palepale, kuvunja mawe na kufyeka majani kando ya njia, hatua fupi inatosha na kukimbia haiwezekani. Mjerumani hapa kwetu alitaka wafungwa wabebe mizigo na watembee, ndiyo maana picha za wakati ule utawaona wamepangwa kwa mnyororo wa shingo kama shanga kwenye uzi, mikono na miguu iko huru.

Mkunga_Ughaibuni
Mwalimu umeuliza kama bado zipo, zipo. Mimi ni mkunga huku Marekani, miaka ya nyuma hospitali moja niliyofanya kazi aliletwa mfungwa ana uchungu, kifundo cha mguu kimefungwa kwenye kitanda, askari kasimama mlangoni. Mzazi anahitaji kugeuka, kuchuchumaa, mtoto akikwama mabega una dakika chache tu za kuikunja miguu ya mama, sasa wewe uanze kumtafuta askari mwenye ufunguo? Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015 zinakataza minyororo ya aina hiyo kwa wafungwa wote, na kwa anayejifungua zinakataza kifaa chochote cha kumfunga. Huku sheria ya 2018 ilizuia kuwafunga wafungwa wajawazito kwenye magereza ya serikali kuu, majimbo kila moja na sheria yake. Namibia ndio walinifurahisha, mahakama yao ya juu kabisa ilisema mapema, 1999, kwamba kumtia mfungwa minyororo ni kumvunjia utu.

Nasra T
Nimesoma nikalia. Mjomba wangu aliugua akili, akapelekwa kwa mganga akafungwa mnyororo mguuni kwenye nguzo miezi saba, na sisi familia ndio tulimpeleka, tukiamini anatibiwa. Human Rights Watch mwaka 2020 walieleza mambo haya yapo nchi kama 60, siyo kwetu tu. Mzee umesema chuma kinaonyesha mfungaji anataka nini, sisi tulitaka atulie tu. Sasa hivi anameza dawa za hospitali, anauza mihogo, yuko vizuri. Ila hata jua la Februari havui soksi.