Yule wakili wa wanyonge kamuuliza bibi yangu kama anaelewa Kiswahili!!

Wakuu naandika niko kwenye bajaji na bibi, hata sijafika home. Jina simtaji, mnamjua wote, yule mtetezi wa wazee na walemavu asiyekauka redioni.

Ofisi yake ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Ya walemavu! Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya huduma yafikike, na kopi yake kaibandika ukutani hukohuko juu, ukitaka kuisoma panda. Tukambeba bibi na kitimwendo chake, mimi na dereva bajaji na mlinzi, jasho mpaka kwenye soksi, tunafika jamaa hata shikamoo hana, anamruka bibi ananitazama mimi: "Huyu anaelewa Kiswahili?"

HUYU! Kama mbuzi mnadani. Bibi kafundisha Kiswahili mpaka kastaafu, nusu ya wilaya hii ngeli wamezijulia kwenye fimbo yake. Miguu ndo imegoma, masikio anasikia jirani akifunua sufuria.

Mpwa wake kauza kiwanja chake, ndo kilichotupeleka, hata hatujakigusa. Jamaa kasukuma karatasi eti aweke dole gumba, hajasomewa chochote. Bibi kaomba kalamu nyekundu akaanza kusahihisha. Halafu ikadaiwa hela ya faili wakati Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inasema asiyejiweza anahudumiwa bure. Ila hela tuiache wakuu, "Huyu anaelewa Kiswahili?" na yuko mbele yake!!

Chongo la Mtaa: Alipata ngapi kwa mia? 😂😂

mzee_wa_fitina: Si ungempigia simu ashuke? Na wewe unapenda drama.

Mleta uzi: Nilipiga. Akasema nyonga inamsumbua, ngazi haziwezi.

Chongo la Mtaa: 😂😂😂 nimekufa

Pilato Mstaafu: Uhakika ni wakili huyo? Wengi ni wasaidizi wa kisheria, na msaidizi mahakamani haruhusiwi kukusimamia. Mtafika siku ya kesi mbaki mnatazamana.

MamaKijacho: Afadhali nyie mlifika. Hospitali ya kwetu dirisha la wazee lipo, limeandikwa vizuri kabisa, ndani wanahifadhi mafaili. Na tangu Sera ya Wazee ya 2003 tunaambiwa matibabu bure, baba yangu dawa kaandikiwa akanunue nje.

Ngalawa Moja: Njooni Unguja, pensheni jamii toka 2016, ukifika miaka 70 unachukua chako.

mzee_wa_fitina: 70 nani ataifika na bei hii ya unga?

MamaKijacho: Unga wenyewe wa huku una mchanga.

Ngalawa Moja: Kuleni wali.

Mleta uzi: Jamani turudi kwa bibi

Kibajaji Tz: Mkuu huyo dereva aliyepandisha mtu na kitimwendo ghorofa ya tatu, namba yake unayo? Nahama jumamosi nina kabati.