Naombeni ushauri: Git mpya inagoma kwenye folda ya timu, niruhusu zote au nibadili mmiliki?

Wakuu habari zenu, seva yetu ya kazini ilikuwa na Git (programu ya kutunza historia ya kodi) ya kitambo sana, juzi ikaapdetiwa na sasa kila nikiandika git status ndani ya folda ya mradi inaniletea "detected dubious ownership" (yaani mmiliki wa folda anatiliwa shaka) na haiendelei. Nimefuatilia nikaona hii imeanza toleo la 2.35.2 la Aprili 2022, walikuwa wanaziba tundu la usalama, maana mtu mwingine kwenye mashine hiyohiyo angeweza kupandikiza .git yake (folda ya mipangilio ya Git) kwenye folda ya juu na Git yako ikaendesha amri zake wala hujui. Hapo nawaelewa kabisa. Shida folda yetu mmiliki ni root (yuza mkuu wa seva) na sisi tunaingia kila mtu na yuza wake.

Jamaa mmoja anasema weka tu safe.directory = * (Git iziamini folda zote) tupige kazi, mimi roho inasita, hiyo si sawa na kufunga kitasa kipya halafu ufunguo unauacha mlangoni? Naona bora niandike njia ya folda hiyo moja, sasa ikae kwenye konfigi ya seva nzima au kila yuza aweke yake? Au nipige chown (amri ya kubadili mmiliki) yaishe, ila yuza wa kudeploy (kupandisha kodi hewani) naye anaigusa hiyohiyo folda, naogopa kumvuruga.

Halafu git pull (kuvuta mabadiliko ya wenzako) nayo, tangu 2.33.1 matawi yakiachana inakataa mpaka useme merge (kuunganisha matawi) au rebase (kupanga kazi yako juu ya yao). Mlioko kwenye timu kubwa mnaweka pull.rebase true au pull.ff only (ivute tu kama matawi hayajaachana)? Amri za git switch (kuhama tawi) na git restore (kurudisha faili) sina neno nazo, zimenikolea.