Naomba ushauri: nianzie wapi kusoma riwaya za kisayansi?

Msomaji wa Mbezi
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mpenzi wa riwaya za upelelezi tangu shule. Sasa nataka kuonja hizi za kisayansi: safari za angani, mashine za ajabu, dunia ya kesho. Shida ni kwamba kila ninachoazimwa ni kitabu kinene, na kurasa za mwanzo ni majina ya sayari na vita vya falme nisizozijua, naishia njiani. Nilisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), fizikia niliiacha zamani. Kiingereza nasoma, kisiwe cha kupindapinda. Muda wangu wa kusoma ni kwenye basi la mwendokasi kwenda na kurudi Kariakoo. Nianze na kipi?

Kaka wa Sinza
Mkuu, chukua *Binti* cha Nnedi Okorafor, kilitoka 2015. Ni kama kurasa mia tu, na kilibeba tuzo za Hugo na Nebula, zile kubwa za hadithi za kisayansi. Msichana wa Kihimba, wale watu wa Namibia, anatoroka kwao usiku wa manane familia imelala, anakwenda chuo kikuu kilicho sayari nyingine. Yuko kwenye foleni, amejipaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta kama desturi yao, mtu nyuma yake anamshika nywele bila hata kumwomba. Hapo umeshakuwa upande wake. Chombo cha angani kikija, unapanda naye.

Dada wa Tabata
*Binti* ni kizuri, ila kwa mtu wa upelelezi mimi ningempa *Kindred* cha Octavia Butler, cha 1979. Dana, mwanamke mweusi, yuko nyumbani kwake California mwaka 1976. Ghafla kizunguzungu, anajikuta ukingoni mwa mto, mtoto wa kizungu anazama. Anamwokoa, na kabla hajapumua anaelekezewa bunduki. Yuko Maryland, zama za utumwa. Kila yule mtoto akiwa hatarini, Dana anavutwa kurudi, na kwa nini iwe yeye ndilo swali litakalokufanya upitilize kituo. Mashine hakuna, wala mwandishi hakuelezi safari inatokeaje. Tahadhari tu, ukatili umeandikwa waziwazi.

Kijana wa Ubungo
Nasomea uhandisi, napendekeza *The Martian* cha Andy Weir. Mtu kaachwa peke yake Mars, analima viazi ndani ya hema lake kwa udongo wa huko na kinyesi cha binadamu. Lugha nyepesi.

Dada wa Tabata
Mdogo wangu, lugha nyepesi lakini hesabu zimejaa. Kemia ya kutengeneza maji tu ni kurasa kadhaa. Akisome cha tatu au cha nne.

Mzee wa Upanga
Wanangu, mbona hakuna aliyetaja cha Kiswahili? Katama Mkangi wa Kenya alituandikia *Walenisi*, 1995. Mtu aliyehukumiwa kifo anatiwa ndani ya chombo cha angani, kumbe kinamfikisha kwenye jamii inayoishi kwa usawa. Kuna mahali mazungumzo ya siasa yanarefuka, vumilia. Ila usianze na *Nagona* cha Kezilahabi kwa kuona ni kijembamba. Nakipenda mno, lakini kinahitaji utulivu, na kwenye basi lililojaa hutaupata.

Msomaji wa Mbezi
Shikamoo mzee. Nashukuruni wote. Naanza na *Binti*, kisha *Kindred*. Hivi vitabu navipata wapi hapa mjini bila kuumia mfuko?

Mzee wa Upanga
Marahaba. Pita Maktaba Kuu, barabara ya Bibi Titi, uulize *Walenisi*. Vya Kiswahili waulize pia duka la vitabu la TPH pale Samora.

Kaka wa Sinza
Vya Kiingereza jaribu wauza vitabu vya mitumba kule Posta, waachie jina la kitabu na namba yako ya simu. Wakati unasubiri, pakua *The Time Machine* cha H. G. Wells, cha 1895, kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Ni bure na halali, hakimiliki yake imeshakwisha. Kiingereza chake ni cha zamani kidogo, lakini kitabu ni kifupi. Sura za mwanzo ni wazee wanabishana baada ya chakula cha jioni, zipitie haraka. Utamu unaanza msafiri wa mashine ya wakati akishafika mwaka 802,701.

Msomaji wa Mbezi
Nimeshakipakua. Kesho asubuhi nakianza.